Barbara Kimenye na yule kijana Moses: hadithi za watoto ziko na faida gani?



Kuko neno moja ambalo limetugawanya katika siku hizi. Kamati ya wazazi imeweka pembeni franga kidogo kwa ajili ya kabati la vitabu, na Bwana Prefe ametuomba sisi wanafunzi tuseme vitabu gani vinunuliwe. Wengi wanasema franga zote ziende kwa vitabu vya itemu, ili mafinalisti wapite mtihani wa Taifa. Wengine, zaidi sana wadogo, wanaomba vitabu vya hadithi. Mkubwa mmoja aliwajibu pale pale kwenye mstari wa asubuhi: «Hadithi haileti diploma.» Wadogo wakanyamaza. Mimi ni kapita, na kazi yangu ni kufanya watu wanyamaze, lakini siku ile kule kunyamaza hakukunipendeza.

Basi, mbele ya baraza letu la Jumamosi, nataka kueleza maisha ya mwandishi mmoja wa vitabu vya watoto. Hakukaa mbali na sisi. Miaka yake mingi aliipitisha ng'ambo ya mpaka, Uganda, na watoto wa mashariki ya Afrika walimsoma kwa mamia ya maelfu. Jina lake ni Barbara Kimenye. Kisha kusoma habari yake, kila mtu ajiulize mwenyewe kama hadithi ni kitu cha kupoteza wakati.

1. Alitoka wapi?

Barbara Kimenye alizaliwa tarehe 19 Desemba 1929 katika mji wa Halifax, jimbo la Yorkshire, kaskazini ya Uingereza. Jina lake la kwanza lilikuwa Barbara Clarke Holdsworth. Baba yake alitoka visiwa vya Karibi, mama yake alikuwa wa kule kule Uingereza. Kwa hiyo toka utoto alikuwa mtu wa rangi mbili katika mji wa watu weupe, na wakati ule watu wa rangi yake walikuwa wachache sana katika miji ile midogo ya viwanda.

Alisoma sekondari ya wasichana katika mji wa Keighley, halafu akaenda London kujifunza kazi ya uganga wa hospitali, yaani kuwa nesi. Tazameni jambo hili: hakuna aliyemtuma kuwa mwandishi, wala hakuchagua seksio ya fasihi kama sisi tunavyochagua ya ualimu au ya biashara. Alijifunza kutunza wagonjwa. Uandishi ulimfikia kwa njia nyingine, na njia ile ilikuwa marafiki.

2. Marafiki wa London

Kisha vita ya pili ya dunia, vijana wengi wa Uganda, Kenya na Tanganyika walikuwa wanaenda Uingereza kusoma sheria, udaktari na mambo ya utawala. Barbara alikutana nao London. Walikuwa wageni katika mji ule, na yeye, ijapokuwa alizaliwa Uingereza, wengi walimtazama kama mgeni. Urafiki ukaanza hapo.

Mmoja wa wale vijana aliitwa Bill Kimenye, mtoto wa chifu wa Bukoba, kule Tanganyika, kwenye ukingo wa ziwa Victoria. Walioana, na katikati ya miaka ya 1950 wakahamia Bukoba. Ndoa yao haikudumu. Lakini Barbara hakurudi kwao Uingereza mara moja, sawa vile watu wengi wangefanya. Alichukua watoto wake wawili wa kiume akaenda Kampala, na jina la Kimenye akabaki nalo mpaka kifo.

Kwa nini Kampala? Kwa sababu ni kule alikowakuta tena wale marafiki wa London. Walikuwa wamemaliza masomo na kurudi kwao, na sasa walikuwa watu wakubwa wa nchi. Mtu aliyekula nawe ugenini hakusahau upesi. Nafikiri sisi watu wa Ituri tunaelewa neno hili vizuri, kwa sababu jamaa mingi za kwetu zimekimbia na kupokelewa na watu waliowajua zamani.

3. Mengo na kazi ya gazeti

Buganda ilikuwa na mfalme, anaitwa Kabaka. Wakati ule alikuwa Mutesa wa pili. Yeye mwenyewe aliijua London kwa uchungu: mwisho wa mwaka 1953 Waingereza walimfukuza katika nchi yake wakampeleka kwao, na alirudi Oktoba 1955 tu. Kabaka huyu alimpa Barbara kazi ya sekretari katika serikali yake. Alikaa karibu na ikulu, akaona mambo ya wakubwa na ya wadogo: machifu, wapishi, walinzi, wanawake wa soko, watu wanaoleta mashitaka.

Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962. Katika miaka ile Barbara aliingia pia kazi ya gazeti, akaandika katika Uganda Nation. Kazi ya gazeti inafundisha mambo mawili ambayo mwandishi wa watoto anayahitaji sana. La kwanza, kuandika kwa maneno mafupi ambayo kila mtu anaelewa. La pili, kumaliza kwa wakati, kwa sababu mashine ya kupiga gazeti haingojei mtu.

Mwaka 1965 nyumba ya Oxford University Press ilitoa kitabu chake kinachoitwa Kalasanda, na mwaka uliofuata kikatoka cha pili juu ya kijiji kile kile. Kalasanda ni kijiji cha Buganda ambacho yeye alikitunga. Ndani yake kuko hadithi ya mzee maskini ambaye ghafula anashinda franga nyingi katika mchezo wa kubahatisha mpira. Mara moja ndugu wanajaa nyumbani mwake, hata wale ambao hakuwajua! Soma hadithi ile hapa Nizi, ambako mtu anaweza kuamka maskini na jioni akaonyesha dhahabu kidogo katika karatasi, utafikiri mwandishi alipita kwetu.

4. Moses na shule ya Bwana Mukibi

Lakini kitabu kilichompatia sifa kwa vijana ni kile cha Moses. Kilitoka mwisho wa miaka ya 1960, halafu vingine vikafuata kimoja kimoja mpaka vikawa msururu mzima: Moses na mzimu, Moses na wanyang'anyi wa watu, Moses katika matata, na vinginevyo.

Moses ni mwanafunzi wa internati. Shule yake ina jina refu la kujisifu. Kwa Kiswahili tungesema: Chuo cha Mukibi cha Watoto wa Kiume wa Mabwana wa Kiafrika. Ukisikia jina unafikiri ni mahali pa heshima kubwa. Kumbe ni shule ya vijana wasumbufu, wale ambao shule zingine zimewafukuza. Mwenye shule ni Bwana Mukibi. Moses ana marafiki, mmoja anaitwa King Kong kwa sababu ya mwili wake, mwingine anaitwa kwa jina la utani la mtu ambaye vidole vyake havitulii mbele ya vitu vya wengine. Musa wa Biblia aliteremka mlimani na amri kumi. Huyu Moses wa Kimenye, ukimpa amri kumi, jioni utakuta nane zimevunjika.

Mtasema: kapita anawezaje kusifu kijana wa namna hii? Swali ni zuri. Nina kaye yangu ya majina ya wachelewaji, na kama Moses angekuwa hapa jina lake lingejaza ukurasa mzima. Lakini tuangalie vile kitabu kinafanya kazi yake.

Kwanza, mambo yote yanapita katika shule ya Kiafrika. Mbele ya wakati ule, watoto wengi wa mashariki ya Afrika waliosoma Kiingereza walipewa vitabu vya watoto wa Uingereza: theluji, chai ya saa kumi, mbwa anayelala ndani ya nyumba. Vilikuwa vizuri, lakini mtoto alijifunza bila mtu kumwambia kwamba mambo ya kuandikwa yanatokea kwa wengine. Katika Moses alikuta chakula kibaya cha internati, mwalimu mkali, siku ya kutembelewa na wazazi, njaa ya usiku. Akasema: kumbe na sisi tunaweza kuwa ndani ya kitabu.

Pili, mwandishi hamhubiri mtoto kila ukurasa. Moses anapanga hila, hila inaleta hila nyingine, na mwisho matata yanamrudia yeye mwenyewe. Msomaji anacheka, lakini ameona njia yote toka uongo wa kwanza mpaka aibu ya mwisho. Hakuna mtu aliyemnyoshea kidole.

Tatu, vitabu vile ni vidogo. Vina picha, maneno yake si magumu, na mtoto ambaye Kiingereza chake ni kidogo anaweza kufika mwisho. Kufika mwisho wa kitabu kizima, hata kiwe chembamba, ni jambo kubwa kwa mtu ambaye hajawahi kufika.

5. Safari zake

Barbara Kimenye hakukaa mahali pamoja. Mwaka 1965 alihamia Nairobi, akaandika katika gazeti la Daily Nation, na baadaye katika East African Standard. Mwaka uliofuata, Mei 1966, askari wa serikali ya Obote walishambulia ikulu ya Mengo. Kabaka alikimbia, akafa London mwaka 1969. Ule ulimwengu ambao Barbara aliutumikia ulivunjika. Januari 1971 Idi Amin alichukua utawala, na miaka mibaya ya Uganda tunaisikia hata kwa wazee wetu, kwa sababu watu wengi walivuka kuja upande huu.

Katika miaka ya 1970 alirudi London, akafanya kazi katika ofisi ya mtaa wa Brent, kazi ya kusaidia watu wa rangi mbalimbali wakae pamoja bila kudharauliana. Hakuacha kuandika. Mwaka 1986, vita ilipokwisha Kampala, alirudi Uganda akakaa miaka kama mitatu. Mwaka 1989 akaenda tena Kenya, na mwaka 1998 akakaa London mpaka mwisho. Alikufa tarehe 12 Agosti 2012, akiwa na miaka 82. Vitabu vyake vyote vilipita hamsini, na nakala zilizouzwa zinahesabiwa kupita milioni moja.

Alizaliwa Uingereza na alikufa Uingereza, lakini yeye alijihesabu kuwa Mganda. Nimefikiri sana juu ya neno hili. Kwetu, mtu akiulizwa ni wa wapi, wanataka jina la babu yake na kilima chake, na tunajua damu ngapi imemwagika kwa sababu ya swali lile. Huyu mama alikuwa mtu wa pale ambapo alijua majina ya jirani, alicheka nao, na alipatia watoto wao kitu cha kusoma. Sisemi kilima cha babu hakina maana. Nasema kuko na njia nyingine ya kuwa mtu wa mahali.

6. Wasomaji wake, na mmoja aliyefika kwetu

Vitabu vya Moses viliingia shuleni Kenya, Uganda na Tanzania, na hata katika nchi zingine za Afrika zinazosoma Kiingereza. Kisha uhuru shule ziliongezeka haraka, na waalimu walitafuta vitabu vya nyongeza ambavyo mtoto atasoma bila kusukumwa. Oxford ilikuwa na tawi Nairobi, vitabu vikachapwa kwa wingi, vikapita toka mkono mpaka mkono hadi majani yakaanza kuanguka.

Kimoja kilifika mpaka internati yetu. Mwenzetu mmoja alisoma primeri kule Kyangwali, Uganda, kwa sababu wazazi wake walikimbia vita na kuvuka ziwa Albert. Aliporudi, katika mfuko wake kulikuwa na nguo mbili na kitabu kimoja bila ganda. Usiku, mbele ya taa kuzimwa, alikuwa anasoma kwa Kiingereza na kutuambia kwa Kiswahili. «Sasa Moses iko nyuma ya jiko, angalia, mupishi anakuya!» Chumba kizima kilicheka. Kuko kijana mmoja ambaye toka afike hapa hatukuwa tumesikia sauti yake, na sitasema alipitia nini kwao. Usiku ule aliuliza: «Na kisha?» Ni maneno mawili tu. Kesho yake aliuliza tena. Mwisho wa trimestri alikiomba kile kitabu akisome mwenyewe, na diksioneri pembeni.

Mkubwa yule wa kwenye mstari aniambie: itemu gani ingefanya kazi ile?

7. Jambo hili linatuhusu nini?

Sipingi itemu. Mimi mwenyewe ni finalisti, na usiku nazifanya mpaka macho yanauma. Mtu hawezi kuingia mtihani wa Taifa na hadithi peke yake. Lakini waalimu wetu wanasema kila mwaka kwamba wengi wanaanguka kwa sababu hawaelewi swali lenyewe. Wanajua somo, ila Kifaransa cha swali kinawapita. Na mtu anajifunza kusoma haraka kwa kusoma kitu anachotaka kujua mwisho wake. Mtoto wa darasa la saba anayeuliza «na kisha?» leo, kisha miaka michache atasoma swali la mtihani bila kutetemeka. Hivi hadithi na diploma si maadui.

Tena kuko na deni. Watoto wa Kampala na Nairobi walipata Moses. Huku Kongo, Zamenga Batukezanga, aliyezaliwa 1933 na kufa 2000, aliandika vitabu vidogo vya Kifaransa ambavyo wanafunzi wengi walivipenda, juu ya maisha ya kijiji na ya mji mkubwa, upande wa Kinshasa. Ni vizuri tuvitafute. Lakini nani ameandika juu ya mtoto wa Nizi? Juu ya barabara ya vumbi jekundu, foleni ya maji, minervali inayokosekana, kijana anayeacha masomo kwenda kuchimba halafu anarudi mwaka wa pili na kukaa na wadogo zake? Mambo haya tunaambiana kila siku, halafu yanapotea.

Barbara Kimenye alikuwa nesi, sekretari na mwandishi wa gazeti, na mama wa vijana wawili. Alichokuwa nacho ni masikio, marafiki, na mazoea ya kumaliza kazi aliyoianza. Vitu vile havikosi hapa.

Kwa hiyo Jumamosi, mbele ya baraza, nitaomba mambo mawili. La kwanza, franga zile zigawanywe: nusu kwa itemu, nusu kwa vitabu vya hadithi, vya Kifaransa, vya Kiingereza na vya Kiswahili, na wadogo wenyewe wachague wawakilishi wawili wa kwenda pamoja na mwalimu kununua Bunia. La pili halitaki hata franga moja. Kila finalisti, mbele ya kuondoka mwaka huu, aandike hadithi moja ya shule yetu katika kaye, kwa biki na kwa maandishi safi, bila kutaja jina la mtu kwa kumwaibisha. Kaye zile zibaki katika kabati. Mimi nimekwisha kuanza yangu. Ni juu ya kapita mmoja aliyepoteza kaye yake ya majina, na vile shule nzima ilimsaidia kuitafuta kwa uvivu mkubwa sana.

Mwenye mawazo tofauti aje Jumamosi aseme, na wadogo pia waje. Siku ile sitaambia mtu anyamaze.

Kapita wa wanafunzi,
finalisti